Wapiga Filimbi kutoka Milima ya Andes



Walipopita Kensington wapiga muziki wa mitaani kutoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini, tuliwasikiliza Rhodes Park. Wazee waliozoea nai na udi wa taarabu hawakuona ugeni mkubwa katika filimbi yao, quena, wala katika charango, kigitaa chenye nyuzi kumi.

Kilichotushangaza ni siku, jina lisilohusu siku zetu za juma: ni filimbi za matete zilizofungwa pamoja. Kwa desturi hugawanywa kwa watu wawili. Ira huongoza, arca hujibu. Kila mmoja ana sauti asizo nazo mwenzake, wala hakuna awezaye kuutimiza wimbo peke yake.

Tulipowaalika kwa chai na mahamri, baadhi yetu walisita. Tangu ghasia za Mei 2008 dhidi ya wageni, zilizoanzia Alexandra, tumezoea kufunga milango mapema. Tahadhari ni haki. Hata hivyo, mgeni akimwogopa mgeni mwenziwe, nani atakayemjibu?

Wenzetu wale wamekwenda zao. Jirani Mkongo, Mmalawi na mzaliwa wa hapa wangalipo. Tuwabishie hodi.