KIRAKA KISICHOONEKANA: JINSI BAWA LA GLAIDA LINAVYOTENGENEZWA

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakutuambia tufanyeje iwapo ufa wenyewe uko mahali ambapo jicho halifiki na mkono hauingii vizuri. Katika makala haya, wapenzi wasomaji, nataka kuwaeleza kazi moja ya ufundi ambayo wengi wetu hatujapata kuisikia ikisimuliwa kwa Kiswahili, nayo ni kutengeneza sehemu ya ndani ya bawa la glaida. Niliishuhudia kazi hiyo kwa macho yangu likizo ya Agosti, nilipokuwa nikimsaidia mjomba wangu ambaye ni fundi wa ndege za mbao.

Glaida ni nini?

Glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa hadi angani na ndege nyingine, au na kamba ndefu inayokunjwa na mashine iliyo chini, kisha kamba huachiliwa. Kutoka hapo rubani hutafuta hewa yenye joto inayopanda juu, akazunguka ndani yake kama afanyavyo mwewe, na hewa hiyo ikampandisha. Akiikosa, basi hana budi kuteremka pole pole na kutua, hata kama ni shambani mwa mtu.

Mchezo huu ulishika mizizi Ujerumani, hasa tangu 1920 mashindano yalipoanza katika mlima uitwao Wasserkuppe. Hapa kwetu Kenya umechezwa Mweiga, karibu na Nyeri. Siku hizi glaida mpya nyingi huundwa kwa faibaglasi, lakini zile zenye mabawa ya mbao bado zinaruka. Mojawapo ni ile ya viti viwili iitwayo ASK 13, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza 1966. Mabawa yake yana urefu wa mita 16 kutoka ncha hadi ncha. Hebu fikiria: hayo ni marefu kuliko madarasa mengi ya shule yetu!

Bawa limeundwaje?

Ndani ya bawa la mbao mna boriti kuu inayotoka ubavuni mwa ndege hadi karibu na ncha. Boriti hiyo imepitiwa na mbavu nyingi nyembamba, nazo ndizo zinazolipa bawa umbo lake. Sehemu ya nyuma ya boriti hufunikwa kwa kitambaa. Sehemu ya mbele hufunikwa kwa plaiwudi nyembamba iliyokunjwa kuanzia juu ya boriti, ikazunguka pua ya bawa, ikarudi chini ya boriti. Kwa hivyo pale mbele panakuwa na sanduku refu lililofungwa pande zote.

Sanduku hilo lina kazi gani? Fanya jaribio hili wewe mwenyewe. Chukua lile bomba la karatasi ngumu linalobaki shashi ya chooni ikiisha. Lishike huku na huku ulisokote. Litakataa. Sasa lipasue kwa makasi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha ulisokote tena. Utaona ajabu! Linasokoteka kama kitambaa. Karatasi ni ile ile, ila sasa haijafungwa. Bawa nalo ni vivyo hivyo. Upepo hujaribu kulisokota kila mara, na sanduku lile la mbele ndilo linalokataa. Plaiwudi ikipasuka, bawa hupoteza sehemu ya nguvu zake za kukataa, hata kama tundu lenyewe ni dogo.

Tundu dogo, jambo kubwa

Bawa tulilolitengeneza lilikuwa limegonga kigingi cha ua wakati glaida ilipotua shambani. Hakuna aliyeumia. Upande wa chini wa pua ya bawa palikuwa na tundu linalotoshana na yai la kuku. Rubani alikuja kututazama siku ya kwanza, naye alikuwa na haraka.

"Fundi, si ni katundu tu? Bandika kiraka hapo, Jumamosi niruke."

Mjomba alimjibu kwa upole, "Ngoja kwanza, bwana. Tundu hilo tunaliona sote. Mimi naogopa lile nisiloliona."

Alianza kwa kuondoa rangi kuzunguka tundu. Kisha akagongagonga plaiwudi kwa sarafu huku akisikiliza. Mahali pazima palitoa sauti kavu na kali, na mahali ambapo gundi ilikuwa imeachana na ubavu palitoa sauti nzito kama ya kikohozi. Akaweka alama kwa penseli. Halafu akaingiza kioo kidogo, cha aina ile ya daktari wa meno, akamulika kwa tochi. Ndani, kiasi cha upana wa vidole vinne kutoka kwenye tundu, ubavu mmoja ulikuwa umepasuka. Mtu aliyesimama nje asingeujua kamwe. Ama kweli, mficha maradhi kilio humuumbua. Kiraka kingebandikwa siku ile kingeyaficha maradhi yale mpaka siku ya kilio.

Hatua za kazi

Kwanza, tundu lilifanywa kuwa kubwa zaidi. Jambo hili lilinishangaza, lakini sababu zake ni mbili. Plaiwudi yote iliyoumia lazima ikatwe hadi kwenye mbao nzima. Pia ni vizuri kingo za tundu ziishie juu ya ubavu, ili kiungo kipya kipate mahali pa kuegemea. Pembe hukatwa kwa mviringo, kwa maana pembe kali ndiyo huanzisha ufa mwingine.

Pili, ulitengenezwa ubavu. Hapa ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. Mkono ukiingia tunduni, unaziba njia ya jicho. Ukitaka kuona, sharti utoe mkono. Kwa hivyo mjomba aliunda sanduku la katoni lenye ukubwa ule ule wa ndani ya bawa, akaweka ubavu wa bandia, akafanya mazoezi ya kubandika kwa kupapasa mpaka vidole vikaijua njia. Ndipo akakata vipande viwili vya plaiwudi vya kuushika ubavu huku na huku, mfano wa banzi linalofungwa kwenye mguu uliovunjika. Vilibanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo. Kila kibanio kilifungwa uzi mrefu uliobaki nje, nami nikapewa kazi ya kuhesabu. Vikiingia sita, vitoke sita. Kitu kikisahauliwa ndani ya bawa kinaweza kugongagonga mbao huko angani, au hata kukwamisha vyombo vya kuongozea ndege.

Tatu, pale ambapo ukingo wa tundu haukuegemea ubavu, ilibidi kuweka ukanda wa plaiwudi kwa ndani. Ukanda huo ulikuwa mkubwa kuliko mlango wake, basi ukakatwa vipande viwili, vikapitishwa kimoja kimoja, vikapakwa gundi na kuvutwa kwa skrubu ndogo kutoka nje. Gundi ilipokauka, skrubu zilitolewa na vitundu vyake vikazibwa.

Nne, kingo zililazwa mshazari. Hii ndiyo siri kubwa ya kiraka cha plaiwudi. Ukikutanisha mbao mbili kichwa kwa kichwa, gundi inapata mstari mwembamba tu wa kushikilia. Lakini ukizichonga zote mbili ziwe na mteremko mrefu, zikalaliana, mahali pa kushika gundi panaongezeka mno. Kanuni ni kwamba mteremko usipungue mara 12 ya unene. Plaiwudi ya milimita 1.5 inahitaji mteremko wa milimita 18. Je, utajuaje kama umechonga sawasawa? Plaiwudi yenyewe itakuambia. Kwa vile imeundwa kwa tabaka, ukiichonga mshazari tabaka hizo hutokea kama mistari, mithili ya ile ya kwenye ramani za Jiografia inayoonyesha miinuko. Mistari ikiwa imenyooka na kuachana sawa, mteremko ni sawa. Ikipinda, rudi kwenye msasa.

Tano, kiraka chenyewe. Lazima kiwe cha plaiwudi ya aina ile ile, unene ule ule, na nyuzi zake zielekee kule kule zinakoelekea nyuzi za plaiwudi ya zamani. Katika glaida nyingi nyuzi hizo hulazwa kimshazari kwenye pua ya bawa ili zizuie kusokotwa. Na kwa kuwa pua imepinda, kiraka kililowekwa kwa maji ya moto, kikafungwa juu ya kigogo chenye mviringo kama wa bawa, kikaachwa kikauke kabisa kabla ya kuonja gundi. Tuliuhakikisha mviringo huo kwa kigezo cha mbao kilichochongwa kufuatana na sehemu nzima ya bawa lile lile.

Kipande cha ushahidi

Sasa nifikie jambo ambalo sitalisahau. Kila mara mjomba alipochanganya gundi, alipima kwa mizani, kisha akachukua vibanzi viwili vya mbao akavigundisha kwa gundi ile ile, saa ile ile, akaviacha kando ya bawa. Aliviita "shahidi". Kesho yake huvunja shahidi. Mbao ikichanika na gundi ikabaki imara, kiungo ni kizuri. Gundi ikiachana na mbao zikabaki safi, kiungo hakifai.

Asubuhi baada ya kuutengeneza ubavu, alivunja shahidi. Gundi iliachana, mbao zikabaki safi! Usiku ulikuwa wa baridi kali, na gundi ile ilihitaji joto kuliko lililokuwamo karakanani. Nilimulika ndani kwa tochi. Vipande vyetu vilikuwa vimekaa vizuri, wala havikutikisika nilipovigusa. Rubani alikuwepo, na Jumamosi ilikuwa imebaki siku mbili.

"Lakini si vimeshika, fundi?" akauliza.

"Vimeshika leo hapa chini," mjomba akasema. "Mimi sitakuwa na wewe huko juu kuvishikilia."

Akachukua patasi, akavitoa vyote. Siku nzima ikaenda katika kusafisha ubavu tena. Safari hii tulifunika bawa kwa blanketi, tukaweka balbu za umeme chini yake, mbali na kitambaa, pamoja na kipimajoto, nami nikawa nakisoma kila saa. Shahidi wa pili alipovunjwa, mbao ilichanika vipande vipande na gundi haikusogea. Rubani alikiokota kile kipande, akakigeuzageuza mkononi, kisha akasema, "Haya, fundi. Jumamosi nyingine basi."

Kabla ya kufunga

Mbao za ndani hupakwa vanishi ili zisinywe unyevu, isipokuwa pale gundi itakaposhika, kwani vanishi huizuia gundi. Vile vitundu vidogo vya kutolea maji havizibwi. Kisha huitwa mkaguzi mwenye leseni aje atazame ndani tundu likiwa bado wazi, kwa sababu likishafungwa hakuna atakayeona tena. Mkaguzi wetu alimulika, akagongagonga, akataka aonyeshwe mashahidi wote wawili, yule mbaya na yule mzuri. Kila kitu kiliandikwa katika daftari la ndege. Isitoshe, kazi ya namna hii hairuhusiwi kufanywa na mtu yeyote tu ati kwa sababu anajua useremala.

Kiraka cha mwisho kilipakwa gundi na kuwekwa mahali pake. Kwa kuwa huwezi kubana kwa ndani sanduku lililofungwa, tuliweka karatasi ya nailoni ili gundi isishike pasipotakiwa, juu yake sponji, kisha tukazungusha vipande virefu vya mpira wa tyubu kulizunguka bawa kwa kukaza. Mpira husukuma sawasawa kila mahali. Baada ya kukauka tulipiga msasa pole pole bila kula plaiwudi yenyewe, ikafuata rangi. Ukipita kidole huhisi kitu. Ukitazama huoni kitu.

Hilo ndilo jambo ninalotaka tulichukue, wanafunzi wenzangu. Kazi nzuri kuliko zote katika bawa lile haitaonwa na mtu, na wala haitasifiwa. Sisi huandika kwa ajili ya mwalimu mwenye kalamu nyekundu, tukafagia pale kiranja anapopita, uvunguni tukapaacha. Fundi wa glaida hana anasa hiyo, maana uvunguni ndiko anakoegemea mtu aliye mita 1,000 juu ya ardhi bila injini. Basi ukipewa kazi ambayo hakuna atakayeikagua, jiwekee shahidi wako, na akikuambia kwamba gundi haikushika, chukua patasi.