Nyumba ya Kupangisha, Leseni ya Halmashauri na Maana ya Ndugu



Ndugu wasomaji, wengi wetu tulipoingia Uingereza tulianza maisha katika chumba kimoja ndani ya nyumba ya mwenzetu. Tulipokewa kwa salamu na chai, tukaoneshwa kitanda, na habari ya kodi ikamalizwa kwa mdomo. Ukarimu huo ndio uliotusimamisha, wala hatuna sababu ya kuudharau. Lakini ukarimu usioijua sheria waweza kumtia hasarani mwenye nyumba na mpangaji kwa pamoja. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu mwezi huu kuzieleza kanuni za leseni na ukaguzi wa nyumba za kupangisha, hasa kwa waishio England.

LESENI NI NINI?

Sheria ya Makazi ya mwaka 2004 ilizipa halmashauri za miji mamlaka ya kutoa leseni kwa nyumba za kupangisha. Zipo leseni za namna mbili ambazo zinatuhusu zaidi.

Ya kwanza ni ya nyumba zinazokaliwa na kaya mbalimbali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2018, nyumba yenye watu 5 au zaidi, wa kaya 2 au zaidi, wanaoshirikiana jiko, choo au bafu, ni lazima iwe na leseni, hata kama haina ghorofa. Watoto nao huhesabiwa. Baadhi ya halmashauri zimeongeza masharti, zikaanzia watu 3.

Ya pili ni ya mtaa au mji mzima. Halmashauri yaweza kuamuru kila nyumba ya kupangisha katika eneo fulani iwe na leseni, hata ikikaliwa na familia moja tu. Newham, mashariki ya London, ilitangulia wengine kwa kuweka amri hiyo karibu mji wake wote mwezi Januari 2013. Tangu Desemba 2024 halmashauri hazihitaji tena idhini ya waziri kwa maeneo makubwa. Ndiyo maana kanuni za mtaa mmoja huenda zisifanane na za mtaa wa pili.

Leseni kwa kawaida haizidi miaka 5, na kila halmashauri hulazimika kuweka daftari la leseni ambalo mtu yeyote ana haki ya kulitazama. Kule Scotland wenye nyumba wenyewe ndio wanaoandikishwa, tangu mwaka 2006, na Wales ilifuata mwaka 2015.

NANI NDUGU MBELE YA SHERIA?

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Kwetu sisi neno ndugu ni pana kama bahari. Mtoto wa jirani wa Mombasa ni mdogo wetu, na rafiki wa baba ni baba mdogo. Sheria hii haihesabu hivyo. Kaya moja ni mume na mke, au walio kama mume na mke, pamoja na jamaa zao: wazazi, mababu na mabibi, watoto na wajukuu, kaka na dada, ami na mjomba, shangazi na mama mdogo, wapwa na binamu. Mtoto wa kambo naye yumo.

Tuchukue mfano. Mume na mke wamepanga nyumba, wana watoto wawili. Wanampa chumba kijana aliyetoka kwao, naye anachangia kodi. Ikiwa kijana huyo ni mtoto wa mama mkubwa, hao ni kaya moja, na leseni ya namna ya kwanza haihitajiki. Ikiwa ni mtoto wa jirani, basi watu ni 5 na kaya ni 2, na nyumba ile ile sasa yataka leseni. Ikiwa familia ndiyo inayopokea fedha za kijana, lawama yaweza kuifikia familia yenyewe, si mwenye nyumba peke yake. Mgeni wa wiki mbili hahesabiwi, kwani makazi yake yako kwingine. Na anayeishi katika nyumba aliyoinunua mwenyewe, akapangisha watu wasiozidi 2, husamehewa leseni hii.

MKAGUZI ANATAFUTA NINI?

Mkaguzi wa halmashauri huangalia nyumba, wala si adabu ya wakaao ndani yake. Kwa kawaida hutoa taarifa saa 24 kabla ya kuja, ingawa akishuku kuwa nyumba haina leseni aweza kufika bila taarifa. Hutazama unyevu na ukungu, nyaya za umeme, njia ya kutokea wakati wa moto, na king'ora cha moshi katika kila ghorofa. Vyombo vya gesi hupimwa kila mwaka na fundi aliyesajiliwa, na umeme kila baada ya miaka 5. Katika nyumba yenye leseni ya kaya mbalimbali, chumba cha kulala cha mtu mzima mmoja kisipungue mita za mraba 6.51, na cha wawili 10.22.

Mambo haya si ya makaratasi matupu. Mwezi Desemba 2020, mjini Rochdale, mtoto wa miaka 2, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki dunia kwa maradhi yaliyoletwa na ukungu wa nyumbani kwao. Baba yake alilalamika zaidi ya mara moja. Nyumba ile ilikuwa ya shirika la makazi, nalo baadaye lilikiri kuwa lilikosea kwa kudhania tu jinsi familia ile ilivyoishi. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilianza tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za mashirika na halmashauri: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 imefungua njia ya kuwafikishia hifadhi hiyo wapangaji wa watu binafsi.

HOFU YA KUFUKUZWA

Wapo wanaouficha ukungu kwa rangi, au wanaomfungia mkaguzi mlango, kwa kuogopa kufukuzwa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, kwani kwa miaka mingi mpangaji aliweza kutolewa kwa notisi ya miezi 2 bila ya kuelezwa kosa. Sheria hiyo ya mwaka 2025 imeuondoa uwezo huo kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Lakini anayeishi chumbani ndani ya nyumba moja na mwenyewe hana kinga hiyo, naye na apate ushauri kabla ya kushitaki.

Mpangaji aliyelipa kodi katika nyumba iliyopaswa kuwa na leseni, nayo haina, aweza kuliomba baraza la sheria limrudishie kodi ya hadi miezi 12, na sheria mpya imeongeza hadi miezi 24. Ili kudai haki hiyo ni lazima athibitishe alichokilipa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tudai mkataba na risiti, hata kwa aliye ndugu.

KWA WENZETU WENYE NYUMBA

Tunasema nanyi kwa heshima. Mpangaji mgeni asiyejua lugha wala haki zake ni amana mikononi mwenu. Kumweka chumba chenye maji ukutani, bila risiti wala leseni, kisha kumwambia "sisi ni ndugu", ni kulitumia neno hilo kinyume chake. Undugu ni kufaana. Gharama ya leseni na fundi wa gesi ni ndogo kuliko kurudisha kodi ya mwaka, na ni ndogo mno mbele ya uhai wa mtoto.

Kila familia na itazame mwezi huu daftari la halmashauri yake, ijue kama nyumba yake imo. Asiyeweza kusoma Kiingereza na asaidiwe na mwanawe au jirani.

Wabillahi tawfiq.