Umenunua kibodi, dai na msimbo wake

Jamani wadau, leo tuongelee kibodi. Ndiyo, hiyo hiyo unayoibonyeza hapo kafe. Kibodi za siku hizi zina kichipu ndani, na kwenye kichipu kuna programu ndogo inayohakikisha ukigusa A inatoka A. Programu ya aina hiyo inaitwa fimwea. Nywila yako inapita hapo kwanza, kabla kompyuta yenyewe haijaiona, kwa hiyo kujua kilichomo ndani si mchezo wa wapenda mitambo peke yao.

Fimwea moja maarufu ni QMK, iliyotokana na nyingine iitwayo TMK. Ni programu huria chini ya leseni ya GPL. Kampuni kibao zinaichukua bure, zinaitia kwenye kibodi zao na kuuza. Hapo hakuna wizi, leseni inaruhusu. Ila kuna sharti. Kifungu cha 3 cha GPL toleo la 2, la mwaka 1991, kinasema ukimpa mtu programu iliyokwisha kukompailiwa, umpe na msimbo chanzo kamili, au umpe ahadi ya maandishi ya miaka isiyopungua 3 kwamba yeyote akiuomba ataupata kwa gharama ya kuunakili na kuutuma tu. Na kamili maana yake pamoja na skripti za kukompaili na kusimika.

Kibodi yangu isiyo na waya (kampuni siitaji) ilianza kutoa herufi mbili mbili. Naandika mama, inatoka "mmama". Ugonjwa huu unajulikana: vyuma ndani ya kitufe vikigusana vinadunda kidogo, na fimwea inatakiwa isubiri vitulie ndipo ihesabu. Kwenye QMK muda huo kwa kawaida ni milisekunde 5. Kuufanya 10 ni kubadilisha namba moja. Namba moja tu! Lakini bila msimbo utaibadilishia wapi?

Nikawaandikia barua pepe. Jibu la kwanza: faili la JSON. Hapa ndipo wengi wanapopigwa changa la macho. Faili lile ni ramani ya vitufe ya kusomwa na programu ya VIA, si msimbo. Jibu la pili: faili la .bin. Hiyo ni fimwea iliyokwisha kuiva. Umeuliza pilau inapikwaje, unaletewa sahani. Jibu la tatu: sehemu ya bluetooth ni siri ya kampuni. Hii inataka macho. Kama bluetooth ina chipu yake na programu yake pembeni, hiyo ni habari nyingine. Lakini kama wameichanganya na QMK ikawa programu moja, GPL inaibeba yote.

Kwa hiyo ukiomba, omba kwa kutaja. Jina la modeli, toleo la fimwea, halafu: folda nzima ya kibodi hiyo, faili za .c na .h, rules.mk, keyboard.json, na kila walichobadilisha ndani ya QMK yenyewe, kwa toleo lile lile walilokuuzia. Andika kwa adabu. Anayejibu barua mara nyingi ni wa huduma kwa wateja na GPL hajawahi kuisikia, mwombe aipeleke kwa mafundi.

Wakikaza? Kifungu cha 4 kinasema anayekiuka masharti anapoteza haki ya kusambaza. Wenye meno zaidi ni wenye hakimiliki, na QMK wana ukurasa unaowataja wakiukaji, waambie hivyo. Mwaka 2003 Linksys walibanwa hadi wakatoa msimbo wa ruta yao ya WRT54G, na humo ikazaliwa OpenWrt. Oktoba 2021 shirika la Software Freedom Conservancy liliishtaki Vizio, watengeneza runinga, huko California, na lilishtaki kama mnunuzi, si kama mwenye hakimiliki.

Mimi barua ya nne ndiyo iliyoleta folda. Usishukuru kabla hujakompaili. Yangu iligoma, faili moja la .h halikuwemo. Nikawatumia ujumbe wa kosa kama ulivyo, wakalileta kesho yake, nikaweka 10.