Umebonyeza "Ruhusu": Nani Sasa Anajua Uko Kangemi?

Matatu imekwama kwenye jam ya Waiyaki Way. Unafungua tovuti uone matokeo ya mpira, na kabla hujasoma, simu inakuuliza kama tovuti hiyo ijue mahali ulipo. Unabonyeza "Ruhusu" ili swali likuondokee. Baadaye tangazo linakuja: "Mkopo wa haraka kwa wakazi wa Kangemi!"

Je, wanakujua? Si lazima. Huenda wanajua tu simu yako iko wapi. Tangazo kutaja mtaa wako haimaanishi ni la kweli, kwa sababu hata tapeli anaweza kulipia tangazo lionekane mtaani kwako. Kwa hivyo usiweke namba yako ya siri kwenye ukurasa uliofunguliwa na tangazo, hata likitaja steji yako.

Tena, mahali si jambo dogo. Ukifuatwa wiki nzima, itajulikana unalala wapi, unafanya kazi wapi na unatibiwa hospitali gani.

Hebu tupunguze hayo:

1. Kwenye Chrome, bonyeza vitone vitatu, ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, halafu Mahali. Ondoa tovuti usizozihitaji.
2. Kwenye mipangilio ya simu yenyewe, fungua Mahali uone programu zilizoruhusiwa. Ya ramani au teksi iruhusu inapotumika tu. Tochi haihitaji kujua uko wapi!
3. Kwenye Android, tafuta sehemu ya Matangazo na ufute kitambulisho cha matangazo.

Usitegemee hali fiche. Inaficha historia kwenye simu yako tu. Na hata ukizima Mahali, mtandao unaoutumia bado unaweza kuonyesha mji ulipo kwa makadirio.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuondoa idhini uliyotoa, wakati wowote, na kukataa data yako itumiwe kukutangazia biashara. Si maneno matupu: Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya Sh2,975,000 kwa kutumia vibaya majina na namba za watu. Ukidhulumiwa, peleka malalamiko kwa ofisi hiyo.

Swali likitokea tena, jiulize: nikikubali, napata nini? Kama ni matokeo ya mpira tu, bonyeza "Zuia". Mabao hayatabadilika.