Mteja akikuletea nyimbo zake: zitoe kwenye kompyuta mpaka kwenye simu bila kumpotezea kitu

Leo tuongee na wenye vibanda vya kuchaji simu, kuuza vocha na kurusha nyimbo, hasa huku vijijini kama Kansay, wilayani Karatu.

Wimbo wa msanii mkubwa, mwenye bando anausikiliza mwenyewe mtandaoni. Anachokuletea wewe ni vitu vyake: kwaya yao ilirekodi, kuna sauti za harusi ya dada yake, au babu anaimba kwa Kiiraqw. Hivyo haviko mtandaoni. Vikipotea mikononi mwako, hakuna pa kuvipakua tena, na habari itafika kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo shika utaratibu huu.

1. ANGALIA AINA YA FAILI KWANZA
Nyimbo zikitoka studio mara nyingi huwa WAV. Hizo ni nzito: dakika moja inakula kama MB 10. MP3 ya kawaida (kbps 128) inakula kama MB 1 kwa dakika. Yaani kwaya yenye nyimbo 10 za dakika 5 kila moja, WAV ni kama MB 500, MP3 ni kama MB 50. Tena vitochi vingi vinasoma MP3 vizuri ila WAV vinaweza kugoma. Tumia VLC au Audacity, zote ni za bure, kutengeneza nakala ya MP3. Ile WAV usiifute! Ndiyo mama wa nyimbo zote.

2. SIMU JANJA YA ANDROID
Chomeka waya kwenye kompyuta. Simu ikichaji tu bila kuonekana, usikimbilie kusema ni mbovu. Fungua loki, shusha pazia la juu, gusa ujumbe wa USB, uchague kuhamisha faili. Bado? Badilisha waya, kuna waya za kuchaji tu zisizopitisha data. Ikionekana, ingia folda la Music, tengeneza folda lenye jina la kwaya au la mteja, upesti humo.

3. KITOCHI
Hapa njia rahisi ni memori kadi. Zima simu, toa kadi, ichomeke kwenye kompyuta kwa kisoma kadi. Kabla hujaweka chochote, angalia nafasi iliyobaki. Ikiwa imejaa, mwite mwenyewe achague cha kupunguza. Usimchagulie.

4. IPHONE
Hii haikubali kupesti nyimbo hivi hivi. Ukiiunganisha na iTunes ya kompyuta yako, inaweza kukuuliza ufute nyimbo zilizopo ili iweke za kwako. Usikubali! Njia salama: mteja awe na programu ya VLC kwenye simu, awashe humo sehemu ya kushiriki kwa Wi-Fi, kompyuta na simu ziwe kwenye mtandao mmoja. VLC itaonyesha anwani. Iandike kwenye kivinjari cha kompyuta, kisha upandishe nyimbo. Zinapita moja kwa moja kati ya kompyuta na simu, hazili bando.

5. KOPI, USIKATE
Wengi wanaharibu hapa. Ukikata faili halafu umeme ukazimika au waya ukacheza katikati, unaweza kubaki na baadhi ya nyimbo huku na nyingine kule. Ukikopi, ya mwanzo inabaki salama. Ikimaliza, linganisha idadi na ukubwa wa mafaili pande zote mbili. Kisha cheza wimbo wa kwanza na wa mwisho KWENYE SIMU YENYEWE, mteja akisikia. Chomoa kadi kwa kuiondoa kwanza kwenye kompyuta, usiivute tu.

Nyimbo zimeingia lakini simu haizioni? Izime uiwashe. Mara nyingi zinatokea.

6. KOMPYUTA IKISEMA "FORMATI", KATAA
Ukichomeka kadi ukaambiwa lazima iformatiwe, bonyeza kuahirisha. Ukikubali, picha za watoto, namba na kila kitu kinaondoka. Toa kadi, isafishe, jaribu kisomeo kingine au irudishe kwenye simu uone kama inasoma. Ikigoma kabisa, mwambie mwenyewe ukweli, aamue yeye.

Ukiona mafolda yote yamegeuka njia za mkato, hicho ni kirusi. Usifute! Mara nyingi mafaili yamefichwa tu. Pitisha antivirusi kwanza. Windows 10 na 11 zinakuja na ya kwao, Defender.

7. HESHIMU MALI YA MTU
Usifungue picha zake. Usibaki na nakala ya kwaya yao ukaanza kuwauzia wengine. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inawalinda hata wanakwaya wa kijijini. Wakikuruhusu kuuza, muandikishane: bei gani, na wao wanapata ngapi.

NYONGEZA YA BIASHARA: Mwambie mteja, "Mama, hizi zipo sehemu moja tu. Nikuwekee na kwenye flashi ukae nayo nyumbani?" Unauza flashi, na yeye simu ikidumbukia kwenye ndoo bado ana nyimbo zake.

Kama una kibanda cha kurusha nyimbo, tuambie hapo chini: mafaili gani yanakusumbua zaidi? Mrushie na mwenzako asome.