Somo la Uandishi: Mada na Dhamira

Leo tutazungumza juu ya maneno mawili ambayo wanaojifunza kuandika huyachanganya mara nyingi. Maneno hayo ni mada na dhamira. Mtu asiyeyatofautisha aweza kujaza kurasa tatu, na msomaji akaishia kuuliza, “Huyu bwana alitaka kusema nini?”

Mada ni jambo linalozungumzwa. Dhamira ni lile ambalo mwandishi ataka tulifahamu juu ya jambo hilo. Mada hutajwa kwa neno moja au mawili: kisima, ndoa, vita, kilimo. Dhamira haitoshi kwa neno moja. Yataka sentensi nzima.

Tutwae mfano. Watu watatu wa kijiji kimoja wameambiwa waandike juu ya kisima. Wa kwanza aeleza jinsi watu walivyochimba kwa zamu mpaka maji yakatoka. Dhamira yake ni kwamba kazi nzito huwa nyepesi watu wakisaidiana. Wa pili aeleza jinsi kamba ilivyokatika, ndoo ikazama, na kila mtu akangoja mwenzake anunue nyingine. Dhamira yake ni kwamba mali ya wote isiyo na mwangalizi huharibika. Wa tatu aeleza habari za msichana anayefika shuleni saa nne kila siku kwa kungoja zamu yake ya kuteka maji. Dhamira yake ni kwamba shida ya maji humnyima mtoto elimu. Mada ni moja, dhamira ni tatu.

Tena huweza kuwa kinyume cha hayo. Hadithi ya sungura na kobe mada yake ni mashindano ya mbio. Hadithi ya fundi hodari aliyelala, na mwanafunzi wake akaimaliza kazi polepole na kuchukua ujira, mada yake ni ufundi. Lakini dhamira ya zote mbili ni moja: mwenye kipawa akidharau kazi hushindwa na mwenye bidii.

Sasa tutazame kitabu mashuhuri, Kusadikika, alichokitunga Shaaban Robert, kikatolewa mwaka 1951. Mtu akikuuliza kinahusu nini, ukajibu, “Kinahusu nchi iliyo angani,” umetaja mada tu. Katika nchi hiyo kijana Karama ashitakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, kutafuta mambo ya kuwafaa wenzao. Kila mjumbe alirudi na shauri jema, na kila mmoja alitupwa gerezani.

Yakusanye mambo hayo, nawe utaiona dhamira: penye watawala wasiofuata sheria wala kusikiliza raia, mwenye kuleta jema huadhibiwa kama mhalifu, na nchi hubaki nyuma. Kumbukeni kuwa mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Wasomaji wengi wameona kwamba nchi ile ya angani ilikuwa kioo cha nchi yao wenyewe. Aliyeishia kwenye mada alisoma ngano ya kufurahisha. Aliyeifikia dhamira alisoma habari zake mwenyewe.

Je, tutaipataje dhamira? Jiulizeni maswali matatu. Kwanza, mada ni nini? Pili, wahusika wakuu wanapatwa na nini, na kwa sababu gani? Tatu, mambo hayo yanatufahamisha nini juu ya maisha ya watu? Jibu la swali la tatu liandikeni kwa sentensi moja kamili. Kisha rudini kitabuni mkatafute mambo mawili au matatu yanayolithibitisha. Msipoyapata, basi hiyo ni fikira yenu wenyewe, si dhamira ya kitabu.

Na mtu akisema, “Mimi si mtunzi wa vitabu, somo hili lanifaa nini?” nitamjibu kwamba lamfaa hata katika barua. Tuseme wamwandikia diwani wako juu ya barabara. Ukieleza urefu wake, mashimo yake na mvua zilizopita, umempa mada. Ataisoma barua, aiweke kando. Lakini ukiandika kwamba kila masika wagonjwa hawafiki zahanati kwa sababu daraja hufunikwa na maji, na kwa hiyo mwaomba daraja liinuliwe kabla ya mvua, sasa umesema neno. Kila sentensi inayofuata na isaidie neno hilo. Isiyosaidia ifuteni, hata ikiwa nzuri.

Kazi ya nyumbani ni hii. Chagueni mada moja kati ya soko, shamba na safari. Andikeni dhamira mbili zilizo tofauti juu ya mada hiyo, kila moja kwa sentensi moja. Kisha chagueni moja mwandike insha ya ukurasa mmoja, bila kuitaja dhamira yenyewe. Mpeni jirani aisome, mkamwulize amefahamu nini. Akiwajibu kwa maneno yake mwenyewe yale mliyokusudia, mmefaulu. Akiwajibu, “Ni habari za soko,” kaeni tena mwandike.