Mistari Miwili Haimalizi Maneno

Kasongo au Kabambare, huku mashariki mwa Kongo, mtu akisema kichwa kinamgonga na mwili una moto, jina la ugonjwa liko tayari: malaria. Anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, na mistari miwili ikitokea nyumba nzima inapumua.

Mimi hapo ndipo naanza kuhangaika. Kwetu mbu hawana likizo, na wengi tunatembea na vijidudu vya malaria damuni bila kuumwa. Mistari ile inasema vijidudu vipo, au vilikuwepo majuzi. Haisemi kwamba ndivyo vinavyokipasua kichwa. Huenda mgonjwa huyohuyo ana homa ya uti wa mgongo, bakteria wameshavamia utando unaofunika ubongo. Mwaka 2021 huko Banalia, jimboni Tshopo, homa hiyo iliwashika watu zaidi ya 2,600 na kuua zaidi ya 200.

Ili kuzitofautisha, mlaze mgonjwa chali. Tia kiganja chini ya kisogo, inua kichwa polepole, kidevu kielekee kifuani. Mwenye malaria ya kawaida atanung'unika, lakini shingo itakubali. Shingo ya mwenye homa ya uti wa mgongo mara nyingi imekakamaa: mabega yanainuka pamoja na kichwa, pengine na magoti yanajikunja yenyewe. Kwa mtoto mchanga usiitegemee shingo. Yeye hulegea, hukataa ziwa, utosi ukavimba. Na mtu akipayuka, akisinzia asiamshike au akipata degedege, mpeleke hospitali hata kama shingo ni laini, kwani malaria iliyopanda kichwani nayo haingoji asubuhi.

Hospitalini watataka kutoa maji ya mgongo, na hapo ndugu wengi hukataa wakisema atapooza. Lakini sindano huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia, kwa hiyo haiugusi.

Kuna vichwa visivyo na homa pia. Kinachopiga ghafla kama radi, ndani ya dakika kikafika kileleni, huenda ni mshipa uliopasuka. Mama mwenye mimba ya miezi mitano na zaidi, au aliyejifungua juzi, akiumwa kichwa huku macho yanaona ukungu, apimwe presha saa hiyohiyo. Kifafa cha mimba kiko mlangoni.

Nikirudi kwa homa ya uti wa mgongo: ukiishuku na hospitali iko mbali, muulize muuguzi wa kituo kama ana seftriaksoni, dawa ya sindano ya kuua bakteria. Akiwa nayo, achome kabla pikipiki haijawashwa, kisha aandike kwenye karatasi ya rufaa kipimo cha dawa na saa aliyochoma.